Je, wajua kwa nini bima ya safari hupanda bei baada ya saratani?

Mama Mdogo alikuwa amekaa jikoni kwangu, Reading, Uingereza, simu ikiwa mezani kwenye spika. Mbele yake palikuwa na bahasha ya kaki imevimba kwa barua za hospitali. Alimaliza matibabu ya saratani ya titi miaka mitatu iliyopita na tiketi ya Dar es Salaam alishainunua, maana mtoto wa dada yake anaolewa Tanga. Kampuni ya kwanza ya bima ilimkataa kabla hata hajamaliza kujieleza. Ya pili ikamtajia bei iliyozidi nauli ya ndege. Akakata simu, akazirudisha zile barua kwenye bahasha moja moja, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, hawa watu wanajua kitu ambacho daktari wangu hajaniambia?"

Hawajui. Hilo nataka liwafikie wote waliowahi kuitazama bei ya namna hiyo wakahisi wamesomewa hukumu. Bei ya bima ya safari haitabiri uhai wa mtu. Inakadiria gharama ya jambo dogo zaidi: uwezekano wa wewe kuugua ghafla katika zile wiki mbili tatu ukiwa mbali na nyumbani, au kuugua kabla ya kuondoka ukalazimika kuahirisha safari.

Tuanze na gharama zenyewe. Mkazi wa Uingereza akilazwa kwao, huduma ya taifa ya afya, NHS, haimletei bili. Akienda nchi za Umoja wa Ulaya anaweza kubeba kadi ya GHIC na kutibiwa katika hospitali za serikali kwa masharti ya wenyeji. Kadi hiyo Tanzania na Kenya haina kazi. Ukizidiwa Pangani, unalipa mwenyewe au bima yako inalipa. Ikibidi uchukuliwe na ndege ya wagonjwa hadi Nairobi, kazi ambayo shirika la afya la AMREF limekuwa likiifanya katika ukanda wetu tangu 1957, kisha urudishwe London umelala kwenye machela na muuguzi pembeni, hesabu inaweza kufika makumi ya maelfu ya pauni. Hiyo ndiyo hofu ya kampuni. Begi lililopotea ni jambo dogo kwao.

Sasa, uvimbe umeshatolewa, saratani inaingiaje hapo?

Inaingia zaidi kupitia damu. Saratani huifanya damu igande kwa urahisi kuliko kawaida, na baadhi ya dawa zake, tamoksifeni ikiwamo, huongeza hatari hiyo. Ongeza saa nyingi za kukaa kwenye kiti cha ndege, miguu imekunjwa, na bonge la damu linaweza kujijenga mguuni, likapanda hadi kwenye mapafu. Kwa aliye katikati ya kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, kuna jambo la pili: chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi, hushuka, na homa ambayo kwa mwingine ingeisha kwa vidonge na kulala, kwake ni ya kukimbiziwa hospitali usiku huo huo. Na saratani ikiwa imefika kwenye mifupa, kujikwaa tu ngazini kunaweza kuvunja nyonga.

Ukilijua hilo, maswali ya kwenye simu yanaeleweka. Uligunduliwa lini? Imesambaa? Dozi ya mwisho ulipata lini? Umelazwa katika miezi 12 iliyopita? Umewahi kupata bonge la damu? Kuna kipimo ambacho hujapata majibu yake? Zipo kampuni zinazouliza pia kama daktari amekuambia ugonjwa hautapona, na baadhi huishia hapo hapo. Lakini mengi ya maswali hayo yanatafuta jambo moja: mwili wako umetulia kiasi gani kwa sasa. Ndiyo maana aliyemaliza matibabu zamani na hajalazwa tena huweza kupata bei ya afadhali, ilhali aliyemaliza mwezi uliopita, hata kama daktari wake anatabasamu, hutajiwa bei ya kutisha. Akisubiri miezi kadhaa, bei nayo hubadilika.

Lile la majibu ya vipimo ndilo lililotunasa sisi. Mama Mdogo alikuwa amepigwa picha ya titi ya kila mwaka, ile ya kawaida tu ya ufuatiliaji, na barua ilikuwa haijaja. Kampuni nyingi hazitaki kubeba jambo ambalo bado linachunguzwa. Tungesubiri siku kumi, tungejibu "hakuna" na mazungumzo yangekuwa mengine kabisa.

Mbona basi kampuni moja ikatae na nyingine ikubali, mgonjwa ni yule yule? Kwa sababu kila kampuni ina takwimu zake na aina ya wateja inaowataka. Kampuni kubwa za bei nafuu zimejipanga kuwauzia watu wazima wenye afya kwa haraka; ukitaja saratani tu, kompyuta inafunga mlango. Hakuna mtu aliyesoma habari zako. Duka linalouza viatu vya saizi tatu tu likikosa cha kwako, mguu wako hauna kasoro. Zipo kampuni nyingine ambazo kazi yao hasa ni wateja wenye historia ya ugonjwa. Zinauliza kwa kirefu, zinapima kwa kina, na mara nyingi bei yao kwa mtu wa namna hii huwa ya chini.

Shida ni kuzifikia. Mwaka 2021 msimamizi wa huduma za fedha Uingereza, FCA, alianza kuzitaka kampuni zinazomkataa mteja kwa sababu ya afya, au zinazomwongezea £100 au zaidi kwa sababu hiyo (kiwango cha wakati ule), zimwelekeze kwenye orodha ya kampuni hizo maalumu. Orodha inatunzwa na MoneyHelper, huduma ya bure inayoungwa mkono na serikali, na unaweza kuipata kwa simu kama mtandao unakusumbua. Katika barua ya ile kampuni ya pili, maelekezo hayo yalikuwa mstari mmoja chini kabisa, kwa herufi ndogo. Mama Mdogo hakuuona. Ningetamani ungeandikwa juu, kabla ya ile bei.

Wapo wanaouliza kama huu si ubaguzi. Sheria ya Usawa ya 2010 ya Uingereza inamhesabu mwenye saratani kuwa mtu mwenye ulemavu tangu siku anapogunduliwa, kwa hiyo analindwa. Lakini sheria hiyo hiyo inairuhusu kampuni ya bima kutoza tofauti, ikiwa inategemea taarifa za hatari zinazoaminika na kuzitumia ipasavyo. Dhana tupu kwamba "wenye kansa ni hatari" haitoshi.

Na kwa nini isiwe bei moja kwa wote? Inawezekana, na mfano uko kwetu. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inamtaka mgeni kutoka nje kukata bima ya lazima ya serikali, mtu mzima dola 44, mgonjwa au mzima. Inawezekana kwa sababu kila mgeni analipa, na walio wengi watarudi kwao bila kudai chochote. Bima ya hiari haina uhakika huo. Kampuni ikitoza wote sawa, wenye afya watakimbilia kwenye nafuu, watabaki wenye madai, na bei itapanda tena. Hata hivyo ile ya Zanzibar ina masharti na mipaka yake, na haimkingi mtu dhidi ya kuahirisha safari akiwa bado Ulaya. Mwenye historia ya saratani asiitegemee peke yake.

Kuna kishawishi ambacho nakielewa kabisa: kunyamaza. Usiitaje saratani, upate bei ya watu wengine, uende zako harusini. Nakuomba usifanye hivyo.

Zamani sheria ya Uingereza ilikuwa kali hadi ya kuonea. Ilitokana na bima ya meli, ikaandikwa katika sheria ya mwaka 1906, na ilimtaka anayekata bima aseme kila jambo lenye uzito hata kama hajaulizwa, kana kwamba kila mgonjwa ni nahodha anayejua siri za jahazi lake. Sheria ya 2012 iliubadilisha mzigo huo kwa watu wa kawaida. Sasa kampuni ndiyo inayopaswa kuuliza, na wewe unapaswa kujibu kwa uangalifu unaostahili. Ukikosea kwa kutokuwa makini, na ingebainika kwamba ukweli ungekupandishia bei tu, fidia hukatwa kwa uwiano. Chukua mfano: ulilipa £50, ungetakiwa kulipa £200, umelipa robo. Dai lako la £8,000 laweza kulipwa £2,000, zilizobaki utazilipa mwenyewe. Ukidanganya kwa kukusudia, wana haki ya kukataa dai lote na hata kubaki na pesa uliyolipa.

Njia nyingine inayotumiwa sana ni kununua bima inayoiacha saratani nje. Ni halali, na ni nafuu. Utalipwa ukiibiwa simu au ukivunjika mguu kwa bodaboda. Lakini bonge la damu kwenye mapafu linaweza kuhesabiwa kuwa limetokana na saratani, na hapo hulipwi. Wanaosafiri kutoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya wanaangukia hapa bila kujua. Viza ya Schengen inadai bima ya angalau yuro 30,000 kwa matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani; cheti kikiwa na tarakimu hiyo, ubalozi unaridhika. Bima nyingi za namna hiyo haziyagusi magonjwa uliyokuwa nayo kabla. Viza utapata, ila kwa ugonjwa wako utakuwa huna bima. Na anayekwenda India kwa ajili ya matibabu yenyewe ajue kwamba bima ya kawaida ya safari kwa kawaida haihusiki na safari ya kutafuta tiba.

Mama Mdogo aliposubiri barua ya picha ikaja, nayo ilikuwa nzuri, tulipiga simu kwa kampuni ya tatu kutoka kwenye ile orodha. Ilichukua dakika arobaini. Tarehe zote alizisoma kutoka kwenye barua, hakukisia hata moja. Bei ilikuwa bado kubwa kuliko ninayolipa mimi, lakini ilikuwa ya kulipika. Mhudumu alimsisitizia jambo moja: ukizidiwa, mtu apige namba ya dharura ya saa 24 kabla hujalazwa hospitali ya kulipia, kwa sababu bili ambazo hawakuziidhinisha zinaweza kuleta mvutano.

Namba hiyo aliiandika mara mbili. Karatasi moja aliitia ndani ya pasipoti. Nyingine aliipiga picha akamtumia dada yake Tanga, akamwambia namba aihifadhi kwa jina la "Bima", asilibadilishe.