Unyoya kuelea sio sababu ni mwepesi tu

Kuna ile meseji inazunguka kwenye magrupu ya wanaojifunza animesheni, inasema ukitaka unyoya au jani lianguke polepole kwenye kompyuta punguza tu uzito wake, eti kitu chepesi kinaanguka taratibu. Sio kweli jamani, na inawapotezea vijana masaa mengi.

Jaribu mwenyewe kwenye Blender, programu ya kompyuta ya kutengenezea animesheni: weka mipira miwili inayolingana ukubwa, mmoja kilo 10 mwingine gramu 10, iachie kutoka urefu mmoja, itafika chini pamoja. Graviti, yaani nguvu ya uvutano, inaongeza kasi ya vyote kwa kiwango kilekile na mle ndani hakuna hewa mpaka uiweke mwenyewe. Hata Mwezini, mwaka 1971, mwanaanga aliachia nyundo na unyoya vikatua pamoja.

Kinachochelewesha unyoya ni hewa. Chukua karatasi mbili za A4, kila moja ina kama gramu 5, moja ifinyange iwe donge halafu ziachie: uzito uleule lakini donge linawahi, ile nyingine inayumbayumba sababu hewa inaisukuma zaidi upande huu kisha upande ule. Kwahiyo weka ukinzani wa hewa kwanza, hapo ndo uzito mdogo unaanza kufanya kazi, maana hewa inakishinda kirahisi kitu chepesi chenye eneo kubwa. Na nadhani hapo ndo watu wanachanganyikiwa, maisha yetu yote tumeona vitu vikianguka ndani ya hewa tu.

Ukiipata tena hiyo meseji usiifowadi, mrudishie aliyekutumia jaribio la karatasi.