Nani kasema mjasiriamali lazima awe kijana?

Nimekaa kwenye semina nyingi za ujasiriamali, na slaidi ya kwanza huwa ni ileile: kijana kaacha chuo, kajifungia gereji, katoka na kampuni. Baadaye kidogo inakuja fomu ya mchanganuo wa biashara. Watafiti wamekuwa wakiyapima mambo haya kwa miaka mingi, ila semina zetu hazijapata habari.

Dhana: Ujasiriamali ni wa vijana

Pierre Azoulay wa chuo cha MIT na wenzake walipitia kumbukumbu za serikali ya Marekani zinazohusu waanzilishi wa kampuni wapatao milioni 2.7. Kwa wastani, walianzisha kampuni wakiwa na miaka 42 hivi. Ukichukua kampuni moja tu katika kila elfu, ile iliyokua kwa kasi kuliko zote, wastani unapanda hadi miaka 45. Mtu wa miaka 50 alikuwa na nafasi ya kufika huko mara 1.8 ya mtu wa miaka 30. Waliokwisha kufanya kazi katika sekta hiyohiyo walikuwa mbele zaidi. Hesabu ni za Marekani na sizihamishii Kariakoo kama zilivyo, lakini hao vijana wa gereji walitoka Marekani vilevile.

Dhana: Mchanganuo mzuri, biashara nzuri

Nigeria iliendesha shindano la michanganuo ya biashara liitwalo YouWiN!, ambapo mshindi alipata wastani wa dola 50,000. David McKenzie na Dario Sansone walilinganisha alama za majaji na hali ya biashara zenyewe miaka mitatu baadaye. Alama hizo hazikuwa na uhusiano wowote na biashara kudumu, mauzo, faida wala idadi ya wafanyakazi. Kompyuta nazo zilipopewa kazi ya kubashiri hazikufua dafu. Hata hivyo fedha zilisaidia: wengi wa washindi walichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu kati ya waliofika nusu fainali, na waliopata walianzisha na kukuza biashara kuliko waliokosa. Majaji wangelala tu, kura ingetosha.

Dhana: Mkopo mdogo humtoa mtu kwenye umaskini

Majaribio katika nchi sita, Ethiopia ikiwemo, yalichapishwa pamoja mwaka 2015. Faida ilionekana, ila ya wastani; maisha hayakugeuka. Na hiyo ni mikopo ya taasisi, hatujagusa kausha damu.

Dhana: Wataalamu huvumbua, sisi tunatumia

M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Wateja wakawa na yao. Wakatumiana pesa. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa wakifika, wasiporwe njiani. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, iliuzwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Marejesho ya mikopo hayakuwa tena habari kubwa. Eric von Hippel wa MIT alikuwa ameandika tangu miaka ya 1970 kwamba uvumbuzi mwingi huanzia kwa mtumiaji mwenye shida yake.

Dhana: Biashara haifundishiki

Inategemea unafundisha nini. Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu kwa kura, moja likiachwa bila mafunzo ili kulinganisha. Waliofundishwa hesabu, masoko na mengine ya kawaida, faida yao haikupanda kwa kiasi cha kuaminika. Waliofundishwa kujituma, yaani kutazama mbele, kutomwiga jirani na kutovunjika moyo, faida yao ilipanda kwa asilimia 30. Hilo la kutomwiga jirani tulihitaji sana. Mtaani kwangu akifungua mmoja banda la chipsi, mwezi hauishi yapo sita.

Dar es Salaam nako walijaribu. Wateja wa taasisi ya mikopo walipewa mafunzo ya biashara, na wengine ruzuku ndogo. Wanaume waliofundishwa biashara zao zilinyanyuka. Kwa wanawake, waliokaa madarasa yaleyale, mafunzo hayakuleta tofauti kubwa, na ruzuku haikuwainua. Watafiti wakaandika kwamba wanawake wanahitaji hatua pana zaidi ya darasa na fedha. Semina niliyohudhuria mwisho, theluthi mbili ya waliokaa ukumbini walikuwa wanawake, na tulipewa fomu ya mchanganuo.