Kuchanganyika si kuelewana: tunayoyadhani kuhusu vikundi vya watu wa asili mbalimbali

"Weka watu wa kila asili kwenye kikundi kimoja, mawazo mapya yatakuja yenyewe." Hapa Lubumbashi nimeisikia kauli hii mara nyingi, hasa kwa wakubwa wa kazi wanaofurahi kuona Mchina, Mzambia, Mluba na Mbemba wameketi meza moja. Hata mimi niliiamini.

Nilikuwa naongoza kikundi cha watu saba kwenye kiwanda cha kusaga mawe ya shaba, nje kidogo ya mji. Wakati wa mvua udongo ulinata kwenye mkanda wa kubebea mawe, ukarudi nao hadi chini na kumwagika, vijana wakashinda na machepe wakizoa. Tukakutana. Mhandisi mkuu, Mchina, alisema kupitia mkalimani kwa Kifaransa, nami nikageuza kwa Kiswahili. Alitaka tuongeze maji ya kuoshea mkanda. Nikamuuliza papa mmoja, yaani mzee, mchomeleaji vyuma, mkubwa wetu kwa umri, kama inafaa. Akajibu, "Ndiyo, shefu." Nikaandika kwamba amekubali.

Baada ya wiki tatu, tukila bukari na sombe kivulini, ndipo akaniambia: "Mwanangu, maji yanaongeza matope. Funga kikwanguo cha mpira pale mkanda unapogeuka kurudi." Alikuwa ameliona jambo hilo ujanani mwake, alipofanya kazi upande wa Zambia. Ile "ndiyo" ya kwanza ilikuwa na maana ya "nimesikia". Amelelewa asimpinge mkubwa mbele ya wageni, nami niliyelelewa vilevile sikuitambua heshima yake nilipoisikia. Kosa lilikuwa langu, na vijana ndio waliolilipa kwa migongo yao.

Watafiti wamelipima jambo hili. Mwaka 2010 Günter Stahl na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 108 kuhusu vikundi zaidi ya 10,000. Tofauti za utamaduni zilionekana kuongeza ubunifu, lakini pia ziliongeza mabishano juu ya kazi na kupunguza mshikamano. Faida na hasara zinaingia kwa mlango mmoja, na kinachoamua ni jinsi kikundi kinavyoendeshwa.

"Basi tujifunze mila za wenzetu." Hapa ndipo wengi wanaishia: namna ya kusalimia Wachina, chakula ambacho Mhindi hali. Si vibaya kuyajua hayo. Lakini Christopher Earley na Soon Ang walipoeleza akili ya kitamaduni, yaani uwezo wa kufanya kazi vema na watu wa utamaduni mwingine, mwaka 2003, hawakuisimamisha juu ya ujuzi wa mila peke yake. Leo watafiti huigawa katika sehemu nne: kujua, kutaka, kuweza kubadili mwenendo wako, na ile iliyonikosa mimi, yaani kuyachunguza mawazo yako mwenyewe wakati unapokutana na mwingine. Ni kujiuliza palepale: hii "ndiyo" nimeielewaje, na nitajuaje kama nimeielewa vema?

Mwaka 2012 Roy Chua, Michael Morris na Shira Mor walionyesha kwamba wenye tabia hiyo hufanikiwa zaidi kubuni pamoja na watu wa utamaduni mwingine. Njia yenyewe ndiyo iliyonigusa. Haikuwa imani kwamba mwenzako ni hodari wa kazi. Ilikuwa imani ya moyo, ile inayomruhusu mtu akuonyeshe wazo lake likiwa bado bichi. Papa yule aliniamini mbele ya sahani ya bukari. Kwenye meza ya mkutano hakuwa na sababu ya kuniamini.

Kuhusu wanaosema aliyesafiri sana ndiye mwenye akili hii, jibu ni fupi. William Maddux na Adam Galinsky walichapisha mwaka 2009 tafiti zilizoonyesha kwamba ubunifu ulihusiana na kuishi ugenini, si kupita tu kama mtalii. Ukikaa, unalazimika kubadilika kidogo.

Dhana inayonisumbua zaidi ni yetu wenyewe: "Sisi watu wa Lubum tumezaliwa katika mchanganyiko, hatuna la kufundishwa." Ni kweli mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910, umejengwa na watu wa mbali. Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni, ilichukua wafanyakazi Kasai, Rwanda na ile iliyoitwa Rodeshia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na Kiswahili kikawa lugha yetu sote. Lakini mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, eneo letu hili, wengine walikuwa wamezaliwa hapahapa. Walikuwa majirani, wakisema Kiswahili kilekile. Nashindwa kuyasahau hayo kila ninapoambiwa kwamba kuishi pamoja kunatosha.

Mji huuhuu una mfano mwingine, nao naupenda. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar. Bela, wa kabila la Wasara kutoka upande wa Chad, alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga picha kwa mistari mifupi iliyopangwa pamoja. Pilipili Mulongoy akajaza turubai ndege, nyoka na samaki. Paa moja, mikono mitatu isiyofanana, kwa sababu mwenye karakana hakutaka waige picha za Ulaya. Sitaificha sura ya pili: ulikuwa ukoloni, na neno la mwisho lilikuwa la Mzungu. Hata hivyo picha zile zinawajibu wanaodhani kikundi hakibuni mpaka wote wafanane.

Nasi tulibadilisha mikutano yetu. Watu wanadhani kelele nyingi mezani ndizo mawazo mengi, ingawa jaribio la Chuo Kikuu cha Yale lililochapishwa mwaka 1958 lilionyesha kwamba watu waliofikiri kila mmoja peke yake, mawazo yao yakijumlishwa, walipata mawazo mengi kuliko kikundi kilichokaa pamoja. Kwa hiyo sasa kila mtu kwanza anaandika au anachora, kwa lugha anayotaka, bila jina, ndipo tunazungumza. Mhandisi Mchina, ambaye kunyamaza kwake nilikuita dharau, alikuwa muda wote akisubiri mchoro. Siku ya kwanza papa hakugusa karatasi. Aliomba chaki, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akachora kikwanguo chake. Mhandisi akachuchumaa kando yake, akachukua ile chaki, akaongeza spiringi moja.