Unauza flati ya lizi Uingereza? Tafuta karatasi za bima ya jengo kabla hujapata mnunuzi

Habari zenu ndugu zangu mlioko Uingereza, hasa nyie mnaojiandaa kuuza flati. Kazi yangu ni makaratasi ya kuuza na kununua nyumba, na kuna jambo moja linawachelewesha watu wetu sana nikaona niliseme kwa lugha yetu. Solisita, yaani mwanasheria wa mauzo ya nyumba, anamwandikia muuzaji "naomba bima ya jengo", muuzaji anatuma cheti cha bima ya vitu vya ndani, yaani ile ya tivii na makochi. Sio hiyo! Mpaka mje kuelewana wiki mbili zimeshaenda na mnunuzi ameshaanza kuchungulia flati nyingine.

Simlaumu mtu. Kwetu bima ambayo wengi tunaijua ni ya gari maana trafiki ataiulizia tu, nyumba unajenga mwenyewe tofali kwa tofali na kuta ni zako. Flati ya lizi, yaani unayoimiliki kwa mkataba wa miaka maalum, England au Wales haiko hivo (walioko Scotland sheria yenu ni nyingine, haya hayawahusu). Hata lizi iwe ya miaka 125, kwa kawaida paa, msingi, ngazi na kuta za nje ni vya friholda, yaani mwenye jengo lenyewe na ardhi yake, na mara nyingi lizi inamtaka yeye au kampuni inayosimamia jengo akate bima moja ya jengo zima alafu nyie mnachangia kupitia sevisi chaji, yaani ile michango ya kutunza jengo. Kwahiyo kila mwaka unailipia bima ambayo karatasi yake pengine hujawahi kuitia machoni.

Fungua lizi yako usome kipengele cha bima, nani anatakiwa kuikata. Majengo makubwa huwa hayana shida hapo. Shida ni zile nyumba za zamani zilizogawanywa flati mbili tatu, unakuta lizi inasema kila mtu akate bima ya kipande chake, wa juu anayo, wa chini ya kwake iliisha mwaka jana na hajui, sasa moto ukianzia chini nani atajenga hizo kuta ambazo wa juu amezikalia? Benki ya mnunuzi hailipendi hilo jambo na solisita wake ataomba na cheti cha jirani. Kama ndo hali yako mfuate jirani leo leo, msisubiri mpaka mnunuzi awe anawahesabia siku.

Kama bima ni ya jengo zima, omba cheti pamoja na ile karatasi inayoonesha kiasi cha bima, majanga yanayofunikwa, eksesi (kiasi mnachobeba wenyewe kabla bima haijalipa) na tarehe ya kuisha. Mambo hayo hayo yataulizwa kwenye fomu ya LPE1, ile ya maswali ya mnunuzi kuhusu flati ya lizi, ambayo anaijaza friholda au ejenti wake, na kwa kawaida unailipia, mara nyingi mamia ya pauni, na wapo wanaochukua wiki kadhaa kuijaza. Ukizungushwa jua kwamba una haki: Landlord and Tenant Act ya 1985 inakuruhusu kuomba kwa maandishi muhtasari wa bima, na anatakiwa akupe ndani ya siku 21. Alafu angalia ile tarehe ya kuisha. Kama bima inaisha mwezi ujao omba na ya mwaka mpya ikitoka tu, maana cheti kilichopitwa na wakati hakimsaidii mnunuzi.

Sasa kiasi cha bima, hapa naomba mnisikilize vizuri. Kinachotakiwa ni gharama ya kulijenga jengo upya, kubomoa na kusafisha, mainjinia, vibali, vyote ndani, sio bei ya flati sokoni. Chukua mfano wa jengo ambalo kulijenga upya ni pauni milioni 2 lakini friholda alilikatia bima ya milioni 1, moto ukaunguza sehemu ya laki 4. Kampuni ya bima inaweza kusema mlikata nusu basi tunalipa nusu, laki 2, na zile laki 2 zilizobaki mtaanza kuvutana na friholda nani azijaze. Vifaa na mafundi vimepanda bei sana miaka hii, kwahiyo uliza tathmini ya mwisho ilifanyika lini, ikizidi kama miaka 3 mnunuzi makini atauliza, na wewe ambaye bado unalala humo ulipaswa uwe umeshauliza zamani.

Kama kuna madai yamewahi kutokea, bomba lililopasuka juu likalowesha dari yako, au nyufa za msingi kudidimia, sema ukweli kwenye fomu ya maelezo unayoijaza wewe muuzaji. Ukificha mnunuzi akagundua baadae anaweza kukudai. Na jengo likiwa refu tarajia maswali zaidi kuhusu moto, tangu jengo la flati la Grenfell kule London liungue mwezi wa 6 mwaka 2017 na watu 72 kufariki hakuna anayepita juu juu hapo, kwahiyo ulizia kama jengo linahitaji EWS1, ile fomu ya ukaguzi wa kuta za nje kuhusu moto, na kama ipo.

Mkishabadilishana mikataba, masharti yanayotumika mara nyingi yanamhamishia mnunuzi hatari siku hiyo hiyo hata kama bado hajapewa ufunguo, ndo maana solisita wake anataka uhakika kwamba bima ya jengo iko hai. Ukihama mapema ukaacha flati tupu mwambie ejenti wa friholda, bima nyingi zinabana masharti nyumba ikikaa tupu, kwa kawaida kuanzia siku 30. Na ile bima ya jengo huwezi kwenda kuifuta ukadai hela yako, sio yako peke yako. Kama ulishailipia mwaka mzima, mwambie solisita wako aiweke kwenye hesabu ya siku ya mwisho ili mnunuzi akurudishie sehemu yake.