Draiva ya sauti ni nini, na kwa nini kompyuta ya zamani huwa bubu

Draiva ya sauti ni programu inayokaa kati ya mfumo endeshi, tuseme Windows, na chipu ya sauti iliyo ndani ya kompyuta. Windows inajua kwamba kuna wimbo wa kupigwa, lakini haijui chipu ya kompyuta hii imeundwaje. Chipu nayo haijui wimbo wala video. Inachojua ni amri zake chache, na amri hizo hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Draiva ndiyo mkalimani wao. Mkalimani akikosekana, chipu nzima kabisa itakaa kimya, na mwenye kompyuta ataamini kwamba imeungua.

Asili ya neno ni ile ile ya dereva wa gari, ila mafundi wamezoea kutamka draiva, na ni vizuri maneno hayo mawili yabaki mbalimbali. Katika baadhi ya maandishi utakuta kiendeshi, lakini neno hilo hutumika pia kwa diski, kwa hiyo hapa tunabaki na draiva.

Kazi yake ni hii. Sauti ndani ya kompyuta ni namba. Wimbo wa CD una namba 44,100 kwa kila sekunde kwa ajili ya spika ya kushoto, na nyingine 44,100 kwa ya kulia, kila moja ikiwa na biti 16. Draiva huzipokea namba hizo kwa mafungu, huziweka kwenye sehemu ndogo ya kumbukumbu iitwayo bafa, kisha huionyesha chipu mahali pa kuchota. Chipu huchota kwa mwendo usiobadilika na kugeuza kila namba kuwa volti, na volti hizo ndizo zinazotoka kwenye tundu la kijani kwenda kwenye spika. Fungu jipya likichelewa, chipu hukuta bafa tupu, na hapo ndipo sauti inapokatika, kugugumia au kutatarika. Jambo hili la bafa tutalirudia.

Katika kompyuta nyingi za mezani za miaka ya 2000, sauti haina kadi yake ya pekee. Imejengwa ndani ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Hapo kazi imegawanywa sehemu mbili. Kuna kidhibiti, ambacho kimo ndani ya chipu kubwa za ubao, mara nyingi za Intel au VIA, na kuna kodeki, chipu ndogo ya mraba iliyo karibu na matundu ya sauti. Nyingi zina alama ya kaa, ambayo ni nembo ya Realtek, na maandishi kama ALC655 au ALC662. Mpango wa zamani wa kuunganisha sehemu hizo unaitwa AC'97, wa mwaka 1997. Mwaka 2004 Intel ilileta mpango mpya, HD Audio. Draiva ya AC'97 haifanyi kazi kwenye HD Audio, wala kinyume chake. Ukiona mtu ameweka draiva ya Realtek na bado hakuna sauti, swali la kwanza ni kama aliweka ya mpango unaohusika.

Angalizo kuhusu neno kodeki, maana linachanganya watu wengi: kodeki hii ya ubaoni ni kipande cha silikoni, na haihusiani na kodeki za faili, ambazo ni programu za kufungua MP3 au AAC. Tutaziona za faili baadaye.

Kabla ya kuilaumu draiva, jiridhishe kwamba spika na nyaya ni nzima. Hili ni la dakika mbili, na watu hulipuuza hadi wanaishia kuweka Windows upya bure. Chomoa waya wa spika kwenye kompyuta uuchomeke kwenye simu yenye tundu la milimita 3.5, kisha piga wimbo. Spika zikinyamaza hata huko, tatizo umelipata na kompyuta haina kosa. Zikiimba, rudisha waya nyuma ya kompyuta kwenye tundu la kijani. La waridi ni la maikrofoni, la samawati ni la kuingiza sauti. Pini inaingia kotekote, lakini ni la kijani tu linalotoa sauti kwa spika mbili.

Sukuma pini mpaka mwisho. Ikiingia nusu au tundu likiwa na kutu, waya wa ardhi hukosa kugusa, na hapo hutokea jambo la ajabu: ngoma na vyombo vinasikika kwa mbali lakini sauti ya mwimbaji inatoweka. Sababu ni kwamba bila ardhi spika hupokea tofauti tu kati ya kushoto na kulia, na mwimbaji kwa kawaida amewekwa sawasawa pande zote mbili, hivyo anajifuta. Ukisikia hivyo, usiguse programu yoyote. Safisha tundu kwa kijiti cha pamba kilichoguswa spiriti, hasa kwa walio pwani ambako hewa ya chumvi hula shaba haraka.

Katika mazabodi nyingi za AC'97 kuna mtego mwingine. Sauti ya tundu la nyuma hupita kwanza kwenye pini za waya wa mbele ya kasha, kisha hurudi. Tundu la mbele lisipounganishwa, lazima pawe na vifunga viwili vidogo vya plastiki vyenye chuma ndani, kimoja kati ya pini 5 na 6, kingine kati ya 9 na 10. Mtu akivitoa alipokuwa akifuta vumbi, tundu la nyuma linakufa ingawa draiva haina hitilafu. Tafuta maandishi FP_AUDIO au F_AUDIO kwenye ubao, na kabla ya kugusa chochote chomoa umeme na shika chuma cha kasha.

Nyaya zikiwa salama, sasa muulize mkalimani. Fungua Run (bonyeza pamoja kitufe cha Windows na R), andika devmgmt.msc, bonyeza Enter. Orodha ya vifaa itafunguka. Tazama sehemu ya sauti, na pia sehemu ya vifaa visivyotambulika. Alama ya njano maana yake draiva haipo au imeshindwa. Bofya kifaa mara mbili usome namba ya kosa: Code 28 ni kwamba draiva haijawekwa kabisa, Code 10 ni kwamba ipo lakini kifaa hakikuweza kuanza, na mara nyingi hiyo huwa draiva isiyo yake. Code 22, ambayo kwenye Windows XP huja na msalaba mwekundu na kwenye Windows 7 na mshale wa kushuka, ni kwamba mtu amekizima. Bofya Enable tu.

Kama hakuna kifaa chochote cha sauti, hata chenye njano, basi Windows haikioni kabisa. Washa upya kompyuta, ingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mkuu, kwa Delete au F2, tafuta Integrated Peripherals, na hakikisha Onboard Audio haijawekwa Disabled. Ikiwa saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kila unapozima umeme, betri ya CR2032 ya volti 3 imekwisha, na mipangilio ya BIOS itakuwa ikipotea nayo. Badilisha betri kwanza.

Kupata draiva sahihi ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu wanatafuta kwa jina la kompyuta, au mbaya zaidi, wanapakua programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mpigo. Ziache. Nyingi huleta matangazo, na baadhi huweka draiva ya kifaa kinachofanana tu. Kompyuta yenyewe inakuambia inachotaka. Kwenye dirisha lile la kifaa, fungua Details, chagua Hardware Ids. Utaona mstari kama HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0662. VEN ni mtengenezaji: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 1106 ni VIA, 11D4 ni Analog Devices. DEV ni namba ya chipu: 0662 ni ALC662, 0888 ni ALC888. Mstari ukianza na HDAUDIO, ni mpango mpya. Ukianza na PCI, unatazama kidhibiti, siyo kodeki; kwa mfano PCI\VEN_8086&DEV_24D5 ni kidhibiti cha AC'97 cha Intel, na DEV_27D8 ni cha HD Audio.

Kidhibiti hicho cha HD Audio kina kisa chake kwenye Windows XP. XP ilitoka kabla ya HD Audio, kwa hiyo haijui njia inayounganisha kidhibiti na kodeki. Kwenye Service Pack 2 (fungu la pili la marekebisho ya XP) inahitaji kwanza kiraka cha Microsoft kiitwacho KB888111, ndipo draiva ya Realtek ikubali. Ukiruka hatua hiyo, sauti haitatoka. Utaratibu unaofaa ni kuondoa draiva ya zamani, kuwasha upya, kuweka draiva za chipu kuu za ubao, kisha kiraka, kisha draiva ya kodeki, na kuwasha upya tena. Zingatia pia kwamba kuanzia Vista Microsoft ilibadilisha kabisa mfumo wa sauti, kwa hiyo usitegemee draiva ya XP kwenye Windows 7. Na Windows 7 ya biti 64 haikubali draiva ya biti 32 kwa hali yoyote.

Kwa kompyuta ya mapajani, chukua draiva kwa mtengenezaji wa kompyuta, siyo wa chipu. Kodeki moja ina miguu mingi ya kutolea sauti, na kila mtengenezaji huchagua mguu upi uende kwenye spika na upi kwenye tundu. Draiva ya jumla inaweza kukosea hapo, ukapata sauti masikioni lakini spika za ndani zikanyamaza.

Wakati mwingine draiva iko sawa, hakuna njano, na bado kimya. Andika mmsys.cpl kwenye Run. Kwenye Windows 7, tazama Playback: mara nyingi sauti imehamia HDMI baada ya kuunganisha televisheni au kuweka kadi mpya ya picha. Chagua Speakers, bofya Set Default. Ukiambiwa huduma ya sauti haifanyi kazi, au XP ikidai hakuna kifaa cha sauti ilhali orodha inakionyesha, fungua services.msc, uianzishe Windows Audio na kuiweka Automatic. Kwenye Windows 7 hutegemea nyingine iitwayo Windows Audio Endpoint Builder. Hiyo nayo iwe imewaka. Wanaotumia Linux waandike alsamixer kwenye terminali: MM chini ya mstari ni kwamba umefungwa, bonyeza M ugeuke OO.

Sauti ikitoka kwa faili moja na kukosekana kwa nyingine, hilo si la draiva. Hapo inahusika kodeki ya faili. Windows Media Player ya XP haifungui sauti ya AAC iliyo ndani ya video nyingi za MP4. Weka programu ya VLC, toleo la 3.0 bado linakubali XP yenye Service Pack 3. Na CD ya muziki ikizunguka bila sauti ilhali MP3 zinaimba, huenda kompyuta inasubiri waya mwembamba wa pini 4 kutoka kwenye kiendeshi cha CD hadi ubaoni. Badala ya kuutafuta waya huo, fungua sifa za kiendeshi kwenye orodha ya vifaa uwashe Enable digital CD audio.

Sasa turudi kwenye bafa. Sauti inayokatakata, hasa diski inapofanya kazi, kwenye XP mara nyingi inatokana na diski, siyo sauti. Windows XP ikipata makosa sita ya kusoma diski ya IDE (ile ya zamani yenye waya mpana bapa), huishusha kutoka DMA, ambapo data huingia kwenye kumbukumbu bila prosesa kuibeba, hadi PIO, na kwenye PIO prosesa hubeba kila kipande cha data yenyewe. Haipati nafasi ya kujaza bafa. Kwenye orodha ya vifaa fungua Primary IDE Channel, tazama Advanced Settings. Ukikuta PIO Mode, ondoa chaneli hiyo kwa Uninstall, washa upya, Windows itaiweka tena kwa DMA. Makosa yakirudi, badilisha waya wa diski, na uwe ule wa nyuzi 80.

Mvumo usiokoma ni suala jingine. Umeme wetu wa 50 Hz ukigeuzwa ndani ya spika huacha mawimbi ya 100 Hz, na kapasita ndiyo inayoyasawazisha. Ikikauka kwa umri, mvumo hubaki hata ukichomoa waya wa kompyuta. Ukitoweka ulipochomoa, chanzo kiko upande wa kompyuta: mara nyingi spika na kompyuta zimechomekwa soketi mbili za mbali, basi zihamishie kwenye eksitensheni moja.

Kodeki ikifa kweli, usibadilishe mazabodi. Kadi ndogo ya sauti ya USB inatosha, kwa sababu Windows XP na zilizofuata zina draiva yake ndani tayari, na hata USB 1.1 ina nafasi ya kutosha: megabiti 12 kwa sekunde, wakati wimbo wa CD unahitaji kama 1.4. Ichomeke tundu la nyuma lililo moja kwa moja kwenye ubao, kisha zima sauti ya ubaoni kwenye BIOS, ili Windows isirudi kuichagua ile iliyokufa kila inapowaka.