Svalbard hakuna sheria inayokataza kufa

Ujumbe huu unazunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: eti Svalbard, visiwa vya Norwe kaskazini kabisa, kufa ni kosa la jinai. (Sijui marehemu angepandishwaje kizimbani.)

Sheria hiyo haipo. Sheria za Norwe ziko wazi mtandaoni, zitafute, hutaikuta. Kilichopo ni makaburi ya Longyearbyen, mji mkubwa wa visiwa hivyo, misalaba myeupe chini ya mlima. Tangu 1950 hapazikwi tena majeneza, kwa kuwa ardhi ya chini imeganda mwaka mzima: mwili hauozi upesi, na udongo wa juu ukiyeyuka na kuganda tena husukuma jeneza juu taratibu. Mwaka 1998 watafiti walifukua hapo makaburi ya vijana saba waliouawa na mafua ya 1918, wakisaka mabaki ya kirusi. Majivu ya marehemu huzikwa, kwa kibali.

Mkanganyiko unaeleweka. Hospitali ni ndogo, nyumba za kulea wazee hakuna, hivyo wasiojiweza huhamia bara. Hata wajawazito hujifungulia huko. “Huzikwi kwa jeneza” ikageuka “ni marufuku kufa”.

Ukiletewa tena, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.