Kuitambua Miti ya Miombo ya Tabora kwa Majani na Matunda Yake

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika misitu ya miombo, iwe upande wa Sikonge, Urambo au Kaliua, huona miti inayofanana yote: mashina ya kijivu, vilele vilivyotandaa na majani yenye vijani vingi, yaani vijisehemu vinavyofanana na majani madogo. Kwa kuwa kazi yangu ya misitu hunikutanisha na warina asali na vijana wanaojifunza kuorodhesha miti, nimezoea kuwashauri waliache gome hadi mwisho. Gome hubadilika kwa umri wa mti, kwa moto wa kiangazi na kwa makovu ya wale wanaolibandua ili kutengeneza mizinga, ilhali jani halibadiliki kiasi hicho.

Lakini ni lazima kwanza kujua jani lenyewe ni lipi. Miti mikuu ya miombo ni ya jamii ya kunde, na jani lake moja limegawanyika katika vijani vilivyopangwa pande mbili za kikonyo kirefu. Atakaye kuwa na hakika jani zima linaanzia wapi na atafute kichipukizi, yaani kijicho cha chipukizi jipya, ambacho hukaa pale jani zima linaposhikana na kitawi, wala hakikai pale kijani kimoja kimoja kinaposhikana na kikonyo. Baada ya hapo atazame ncha: vijani vikiishia kwa jozi, yuko katika kundi la mtundu, mtondoro, myombo na mkongo; kikiwepo kimoja cha peke yake nchani, afikirie mninga, mkurungu au mpingo.

Inayochanganywa zaidi ni mtundu, yaani Brachystegia spiciformis, na mtondoro, yaani Julbernardia globiflora. Mtundu kwa kawaida una jozi nne hivi za vijani, na jozi ya nchani ndiyo kubwa kuliko zote. Mtondoro mara nyingi una jozi tano au sita, kubwa zaidi zikiwa za katikati, na ukiliinua jani kuelekea jua utaona vinyweleo vyembamba ukingoni. Maganda ya mbegu humaliza ubishi uliosalia, kwa sababu ya mtundu hujificha ndani ya majani, na ya mtondoro, yenye rangi ya kahawia na manyoya laini, husimama juu ya kilele hata yakaonekana kutoka barabarani. Kwa mfuga nyuki tofauti hii si ya kitaaluma tu: mtundu huchanua kabla mvua hazijashika, na mtondoro huchanua mvua zikiwa zimekwisha kushika.

Myombo, Brachystegia boehmii, hausumbui. Vijani vyake vyembamba ni vingi na vimebanana, na jani zima huning'inia kama unyoya.

Wekundu wa majani mapya ya Septemba na Oktoba, ambao wageni huupenda sana, usitumiwe kutambua mti wowote, kwani spishi kadhaa huupata kwa wakati mmoja.

Mninga, Pterocarpus angolensis, hutambulika hata ukiwa umepukutisha majani, kwa kuwa tunda lake la duara, lenye bawa jembamba pande zote na miiba myembamba katikati, hubaki mtini kwa miezi. Wengi hupenda kuukata kidogo ili kuona utomvu mwekundu. Naliona jambo hilo kuwa la ovyo, kwa sababu linauumiza mti bure, na mkurungu nao hutoa utomvu mwekundu. Mkongo una ganda nene gumu lenye mbegu nyeusi zilizovikwa kofia nyekundu. Mpingo una miiba na maganda membamba kama karatasi.

Tahadhari moja inahusu visiki vilivyochipua, ambavyo vimejaa kando ya mashamba ya tumbaku na penye matanuri ya mkaa. Majani ya machipukizi hayo huwa makubwa kuliko ya mti uliokomaa, na mara nyingine idadi ya jozi nayo hutofautiana. Kwa hiyo hesabu ifanywe kwenye majani ya mti mzima, au yale yaliyoanguka chini yake.